Muhula Tuliosoma Kitabu cha Dobi

Machi 3
Muhula umefunguliwa. Mawingu yapo, mvua bado. Kidato cha Tatu nimewapa riwaya ile kongwe niliyoing'ang'ania mwaka mzima, nakala arobaini kutoka stoo, nyingine zimeliwa na mende mpaka sura ya pili. Inahusu mji unaojiita Mji wa Watu Safi. Dobi anawafulia wote na anajua kila doa limetoka wapi, ila haruhusiwi kupita barabara kuu wala kupeana mkono na mtu. Siku moja anaondoka. Mji unaanza kunuka, na wakubwa wanaitisha mkutano baada ya mkutano kumtafuta anayenuka.

Mkuu wa shule aliniuliza kwa nini nahangaika na kitabu cha zamani hivyo. Nikamwambia kejeli ni dawa inayomezwa na kicheko, mgonjwa hajui kama ametibiwa. Nilijiona nimesema kitu.

Machi 6
Mvua ya kwanza. Paa la darasa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Machi 11
Wamecheka mpaka mwalimu wa hesabu, ambaye ni jirani yangu wa ukuta, akaja kuchungulia. Ilikuwa hotuba ya mke wa liwali, ile anayowaambia wanawake wenzake kwamba yeye hana ubaya na Dobi, "ila watu watasema nini?" Mvulana mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, huyu ni mkuki kwa nguruwe." Nikamsifu. Nikaandika ubaoni: KEJELI, KINAYA, UNAFIKI. Nikapiga mstari chini.

Mmoja tu hakucheka, msichana wa dawati la nyuma karibu na dirisha. Wenzake wanamwita Manukato. Nilidhani anapenda marashi. Baada ya kipindi nikamwuliza kiranja wa darasa, akajibu huku anatazama viatu vyake: baba yake ndiye mwenye lile gari la kijani la majitaka, linalotapisha vyoo mitaani. Dawati lake ni la watu wawili. Anakalia peke yake. Nimeingia darasa hilo tangu mwaka jana na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Katika daftari hili sitamwandika kwa jina lile. Atakuwa msichana wa dirishani.

Machi 12
Mvua. Soksi mbichi.

Machi 19
Tumechagua watakaoigiza Siku ya Wazazi. Tutatoa sura ya mkutano na ile ya Dobi kufunga virago. Wanne walitaka kuwa Dobi, wote wakamfanya kichekesho, wanakunja mgongo na kukokota mguu, ingawa hakuna mahali kitabuni paliposema Dobi ni kilema. Halafu msichana wa dirishani akainua mkono. Alisoma ameketi, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma orodha ya nguo za mteja. "Shati la liwali, doa la mvinyo. Shuka la kadhi, doa nisiloulizwa." Nikasema nafasi ni yake.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi licha ya mwavuli kukatika.

Machi 25
Mdogo wangu, mfamasia wa hospitali, amemwambia Mama kwamba ana mchumba. Ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mama aliweka chini kisu cha vitunguu. Tangu Baba afariki, huyu ndiye mboni yake, na miaka thelathini na minne ya useja wake anaisikia kwenye magoti.

"Kwao ni watu gani?"

"Watu wa kazi, Mama."

"Kila mtu ni wa kazi. Nauliza watu gani."

"Watu wazuri. Mtawaona."

Mama ameimba jikoni jioni nzima. Mimi nikagundua tu kwamba mdogo wangu hakumtazama usoni alipokuwa akijibu.

Machi 30
Mvua tangu alfajiri. Wanafunzi kumi na wawili hawakufika.

Aprili 3
Vyoo vya shule vimefurika. Saa nne gari la kijani likaingia, likaegeshwa nyuma ya darasa letu, maana huko ndiko yaliko mashimo. Ilipowashwa pampu, harufu ikaingia madirishani na darasa likaanza. Mmoja kajifunika sweta puani, mwingine anajifanya kuzirai, na huko nyuma sauti ndogo inaimba jina lile: Ma-nu-ka-to. Kitabu kimefunguliwa mbele yao, sura ya tisa, mji unanuka.

Nikasema kimya. Hawakusikia, au walisikia.

Msichana wa dirishani akasimama. "Mwalimu, naomba ruhusa ya dakika moja." Akatoka. Tukamwona kupitia dirishani anavuka matope mpaka kwa mwanaume mrefu mwenye mabuti na glavu nyeusi. Akapiga goti kidogo, akamwamkia. Yule baba akarudisha mikono nyuma asimguse kwa glavu, akainama kumsikiliza, akacheka. Wakaongea kidogo tu. Akarudi, akapangusa viatu mlangoni, akaketi.

"Tulikuwa ukurasa gani, Mwalimu?"

Kiranja ndiye aliyemjibu.

Aprili 4
Mvua.

Aprili 10
Naandika asubuhi, nyumba ikiwa kimya, kimya kisicho kizuri.

Jana ilikuwa siku ya mapumziko. Shimo letu nalo lilikuwa limejaa, maji yanarudi juu, na Mama alishamwambia jirani amwite mtu wa gari. Lilikuja saa tano. Nilipochungulia nikamtambua ni yuleyule, baba wa msichana wa dirishani, na mwenzake mmoja wa kushika bomba. Nikatoka kumwamkia. Alinijua. "Mwalimu," akasema, "binti yangu anakisoma kitabu chako mpaka kwenye foleni ya maji." Nikafurahi. Nikamwambia ana kipaji. Tukasimama hivyo chini ya mwavuli wangu, nami nikijiona mtu mwema.

Walifanya kazi karibu saa nzima kwenye manyunyu. Walipomaliza, wakanawa kwa sabuni kwenye bomba la nje, wakaomba maji ya kunywa. Mama akaingia jikoni. Kabatini kuna bilauri kumi na mbili na vikombe nisivyovijua idadi. Alitoka na kopo. Lile la maziwa ya unga, lenye kutu ukingoni, tunalochotea maji ya kumwagilia maua. Akaliweka juu ya ukuta mfupi, akarudi hatua tatu nyuma. Hakumkabidhi mkononi.

Yule baba akalitazama kopo, akasema, "Asante, mama," akalichukua, akaanza kunywa.

Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo. Siku chache kabla nilikuwa nimemaliza kueleza, kwa mifano mitatu, kwa nini mwandishi anawafanya wenyeji wamwekee Dobi chakula juu ya jiwe. Nilikuwa na muda wa kusema, "Mama, subiri nilete bilauri." Ni maneno manne. Niliyapanga mdomoni. Nikamtazama Mama, nikatazama dirisha la jirani, nikaanza kukunja mwavuli ingawa bado ilikuwa inanyesha.

Hapo mdogo wangu akaingia getini, anatoka zamu. Akasimama ghafla. Yule baba akamwona, na nikaona macho yake yakimkwepa haraka, kama mtu anayepisha njia. Mdogo wangu akaja moja kwa moja mpaka kwake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Endelea tu ndani, mvua."

Hakuendelea. Alinyoosha mikono miwili, akalipokea lile kopo mkononi mwake, akanywa yaliyobaki. Yote, taratibu. Kisha akamgeukia Mama.

"Mama, uliniuliza kwao ni watu gani. Huyu ndiye baba yake."

Mama alikaa chini pale kibarazani kama gunia lililoachiwa. Yule baba akasema kwa sauti ya chini, "Haikuwa siku ya kusema, mwanangu," akamwita mwenzake, wakapanda gari.

Mama hajatoka chumbani tangu hapo. Mdogo wangu aliniambia jambo moja tu alipokuwa akipita: "Aliniona, akataka kujifanya hanijui, ili nisiaibike kwetu. Kwetu, Dada."

Aprili 11
Mama anakula chumbani. Mvua.

Aprili 13
Leo Mama amezungumza, bora angenyamaza. Hana ubaya nao, anasema. Ni watu, wameumbwa. Lakini wajukuu wake wataitwa nini shuleni? Na akina mama wenzake wa kikundi watamtazamaje? Akaniagiza nikazungumze na mdogo wangu, "wewe ni msomi, atakusikia."

Nikaenda. Nataka niandike hapa kwamba nilikwenda kumtuliza Mama tu. Si kweli. Nilikuwa na hoja zangu. Nilimwambia asubiri mwaka, mambo yapoe. Nikamwambia Mama ana presha. Nikamwambia, "Mimi sina neno nao, unanijua. Ila fikiria, watu watasema nini?"

Alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe. Akasimamisha pasi.

"Hilo ni la mke wa liwali," akasema. "Nimekisoma kitabu chako, nilikikuta mezani. Nilicheka sana hapo."

Nilitaka kumwambia si sawa. Nilitafuta tofauti iko wapi, na mimi kazi yangu ni kutafuta tofauti. Sikuiona. Amehamia bweni la hospitali leo jioni kwa begi moja.

Aprili 14
Sikwenda kazini. Nilisema mafua.

Aprili 17
Mkuu ameniita ofisini. Akafunga mlango, akanikaribisha chai, nikajua kuna jambo.

"Mwenyekiti wa bodi ameuliza nani anaigiza yule Dobi."

Nikamwambia.

"Mwalimu, sisi hatumbagui mtu, na wewe ni shahidi. Tunamlinda. Mtoto wa yule bwana asimame jukwaani kama mtu wa uchafu, mbele ya wazazi wote? Watacheka vibaya. Ataumia. Mpe mwingine, huyu mpe kazi nyuma ya pazia."

Majibu nilikuwa nayo, tena mazuri. Ningemwambia kwamba hiyo ndiyo sura ya sita neno kwa neno, wakubwa wakimfungia Dobi barabara kuu eti wanamlinda. Lakini nikiwa nimeshika kikombe chake cha chai nikawaza jambo jingine: kwamba binti huyu akisimama jukwaani, mji mzima utaongea habari za familia yake, na muda si mrefu utaongea kwamba shemeji yake mtarajiwa ni mdogo wangu mimi. Liliingia wazo hilo kama mtu anayeingia kwake.

"Sawa, Mkuu," nikasema.

Aprili 18
Nilimwita msichana wa dirishani maktaba. Nikamweleza habari za kumlinda. Nilitumia maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekumbatia vitabu.

"Kwa hiyo nitafanya nini, Mwalimu?"

"Utakuwa unawakumbusha wenzako maneno, nyuma ya pazia."

Akafikiri. "Naomba nisifanye. Nitakaa na wazazi, nitazame."

"Umekasirika?"

"Hapana, Mwalimu. Nilijua mtabadilisha. Dada yangu ndiye aliyebisha, alisema wewe ni tofauti."

Aprili 19, 20, 21
Mvua, mvua, mvua. Mama ananiuliza kama nimemwona mwanawe. Namwambia bado. Hatumtaji jina.

Aprili 25
Nasahihisha insha. Swali ni langu la miaka yote: mwandishi ametumiaje kejeli kufichua unafiki wa jamii yake? Insha thelathini na tisa zinasema ninayosema mimi. Ya arobaini ni ya msichana wa dirishani. Nanakili kipande chake hapa:

"Mwandishi amewafichua wenye mji wote. Liwali tunamjua mpaka meno yake ya bandia. Mke wake tunajua anachoota. Lakini Dobi yupo katika kurasa kumi na tisa tu, na akishaondoka mwandishi hasemi alikwenda wapi, alilala wapi, kama alikuwa na watoto. Mwandishi naye alibaki mjini pamoja na wale anaowacheka. Nadhani ni kwa sababu wao ndio waliokuwa wasomaji wake. Darasa linapocheka, mimi hufungua kurasa za mbele kuangalia kama Dobi atarudi. Harudi. Kitabu ni kizuri, lakini kimeandikwa ili watu safi wawacheke watu safi."

Nimekisoma kitabu hicho mara saba au nane. Niliandika juu yake nilipokuwa chuo. Sikuwahi kuuliza kama Dobi alikuwa na watoto.

Mwongozo wa kusahihisha hauna nafasi ya jibu hili. Nimempa alama zote. Kutoa alama ni rahisi.

Mei 4
Siku ya Wazazi.

Mvua ilitupisha asubuhi. Ukumbi ulijaa, na waliochelewa walisimama ukutani. Mimi nilikuwa pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, na pale lilipochanika niliwaona watu wote. Msichana wa dirishani aliingia na baba yake. Baba alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka, na viatu vinavyong'aa kuliko vya Mkuu. Waliketi mstari wa nne katikati. Mama mmoja aliyekuwa pale akakumbuka kwamba haoni vizuri, akasogea mbele. Bwana mmoja akamfuata mkewe. Hakuna aliyesema neno baya. Mpaka tunaanza, viti viwili kulia kwao na vitatu kushoto vilikuwa vitupu, na watu wamesimama ukutani.

Dobi aliigizwa na mvulana wa mbele. Alikunja mgongo, akakokota mguu. Ukumbi ulivunjika mbavu. Ilipofika zamu ya mkutano, wakubwa wa mji wakinusana kwapa kumtafuta anayenuka, mwenyekiti wa bodi alitoa leso akafuta machozi ya kicheko. Mkewe alimpiga begani, "Jamani, huyu liwali." Nikawatazama wale watano sita waliokimbia mstari wa nne. Walicheka kuliko wote. Walicheka kwa moyo safi.

Baba yule hakucheka wala hakununa. Alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini, anasikiliza kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

Mwenyekiti alipopewa nafasi ya kuzungumza alisema, "Mchezo huu umewaumbua watu fulani, nasi tunawajua." Watu wakageuka huku na huku kuwatafuta hao watu fulani. Makofi marefu.

Nilipaswa kushuka nikakae kwenye kimoja cha viti vile vitano. Niliteremka ngazi, nikafika mstari wa pili. Mwenyekiti akanishika mkono kunipongeza, hakuuachia, akaniuliza mwaka ujao tutaigiza nini. Nilipogeuka walikuwa wameshaondoka.

Mei 5
Nimekwenda bweni la hospitali. Mdogo wangu alifungua mlango, hakunikaribisha. Nikasema yote nikiwa nimesimama: kopo, Mkuu, jukwaa, hata lile wazo la ofisini.

"Kwa nini unaniambia mimi, Dada?"

"Nataka nikusindikize kwao, kuposa."

"Mama je?"

"Nitakwenda mimi."

Mei 8
Mvua nyepesi. Mama ananiona napiga pasi gauni zuri, haulizi.

Mei 10
Jana tulikwenda, mimi na mdogo wangu. Nyumba yao iko mlimani, safi, kuta nyeupe, vitabu vya mabinti vimepangwa juu ya friji. Msichana wa dirishani alitufungulia. Akasema, "Karibu, Mwalimu," kwa sauti ile ya darasani. Dada yake muuguzi alitabasamu kwa mdogo wangu na kunisalimia mimi kwa heshima iliyopimwa. Mama yao alikuwa amejifunga kitenge kipya. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Sikujiandaa kwa kitenge kipya.

Baba yao akasubiri tuzungumze. Nikasema tulichokuja kusema.

"Mwalimu," akaniambia, "mama yenu mzazi yuko hai?"

"Yuko."

"Anaumwa?"

Ningeweza kusema anaumwa. Presha anayo kweli. Mdogo wangu alikuwa ananitazama, na msichana wa dirishani naye, ameshika sinia mlangoni.

"Haumwi," nikasema. "Hakutaka kuja. Na mimi mwenyewe mwezi uliopita nilimwambia huyu aachane na jambo hili. Nilimnyang'anya binti yako nafasi yake jukwaani nikiijua sababu. Sina cha kujitetea."

Mama yao akafumba macho kidogo. Yule baba akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Umesema kweli, nashukuru. Basi nami nikuambie. Kijana namtaka. Alikunywa mbele ya mama yake, nisingeomba zaidi. Lakini binti yangu hatachukuliwa na nusu ya familia, kana kwamba ni kitu cha kupokelewa uani. Rudini. Siku mtakayokuja na mama yenu, mlango uko wazi. Asipokuja, nao watoto ni watu wazima, wataamua wenyewe. Ila mimi sitakuwa nimemtoa."

Tulikula, maana chakula kilikuwa tayari. Tukazungumza habari za mvua. Wakati wa kuondoka msichana wa dirishani alinisindikiza mpaka nje.

"Umeiona insha yangu, Mwalimu?"

"Nimeiona. Nitaisoma darasani ukiruhusu."

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Isome wewe tu kwanza."

Mei 11
Nimemweleza Mama kila kitu, pamoja na maneno ya baba yao. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Aliposikia "kitenge kipya" mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Mei 13
Hajasema kitu.

Mei 14
Hajasema kitu. Mvua imepungua.

Mei 17
Tumefunga shule. Nimekusanya nakala arobaini, nimezirudisha stoo. Nimemwambia Mkuu kwamba mwakani mwalimu ndiye atakayechagua waigizaji, la sivyo atafute mwalimu mwingine. Akasema nimechoka, nipumzike. Huenda mwakani nitasema "sawa, Mkuu" tena. Sijiamini kama nilivyojiamini mwezi wa tatu.

Nilimkuta Mama kibarazani, jua la jioni limetoka baada ya siku nyingi, amenyoosha miguu anaisugua kwa mafuta. Nikaketi karibu naye. Tukakaa.

"Hao watu," akasema mwishowe, akiendelea kusugua. "Sijasema nimependa."

"Nimesikia, Mama."

"Na sijui nitakaa nao niongee nini."

"Hata sisi tuliongea mvua."

Akafunga chupa ya mafuta, akakizungusha kifuniko zaidi ya kilivyohitaji.

"Umesema nyumba iko mlimani. Ina ngazi nyingi? Magoti yangu unayajua."

Nikamwambia zipo kama kumi hivi, lakini kuna bomba la kushikilia upande mmoja.

"Upande gani?"

"Wa kulia."

"Basi," akasema Mama. "Wa kushoto utanishika wewe."